Nani Ashike Ufunguo wa Karakana?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wachoraji, mafundi wa nakshi na walimu wa sanaa katika Ngome ya Lamu, mji ambao wenyeji wake huuita pia Amu. Yameandikwa karibu kama yalivyotamkwa. Salamu tu ndizo zimefupishwa.)

Assalamu alaykum wazee wangu, mafundi, walimu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema.

Nimeombwa nizungumzie karakana za uchapaji wa picha, zile ambazo wasanii wengi hutumia mtambo mmoja. Najua baadhi yenu mkisikia uchapaji mnafikiria kalenda na kadi za harusi. Leo sizungumzii hizo. Nazungumzia picha ambayo msanii ameichonga mwenyewe juu ya mbao, lino (lile zulia gumu la sakafuni linalochongeka kirahisi) au bati la shaba, akaipaka wino kwa mkono wake, kisha akaikandamiza kwenye karatasi. Anaweza kutoa nakala kumi, ishirini au hamsini, na kila moja ni kazi halisi yenye sahihi yake.

Fundi wa nakshi hahitaji maelezo marefu. Bobari na patasi anazotumia kwenye mfaa wa mlango zinafaa hapa pia. Ila kuna mambo mawili yatakayomsumbua. Kwenye mlango, uzuri uko katika kivuli kinacholala ndani ya shimo. Kwenye chapa ya mbao, shimo halishiki wino. Hubaki jeupe, na kinachoonekana ni kile ambacho patasi haikukigusa. La pili ni kwamba kila kitu hutoka kinyume. Ua la mwinamo wa kulia litainama kushoto, na ua halitalalamika. Lakini ukichonga Bismillahi kama unavyoichonga juu ya kizingiti, karatasi itakupa herufi zisizosomeka, na mwalimu wa chuo cha Kurani atakuwa na maswali. Kwa hiyo mchonga mbao atamtafuta mwandishi wa khati amwandikie kinyume, na mwandishi wa khati, ambaye hajawahi kushika bobari, atamtafuta mchonga mbao. Kabla mtambo haujafika mjini, watu wawili wamekwisha kuhitajiana.

Na mtambo wenyewe? Ni meza ya chuma inayopita katikati ya rola mbili nzito, na gurudumu kubwa la kuzungushia. Ule wa kiasi cha haja una uzito wa mamia ya kilo. Punda wa Amu ni wastahimilivu, lakini huo hawataubeba. Bei yake pia si ya mtu mmoja, na hata angekuwa na pesa, kwa nini anunue chombo ambacho atakitumia siku chache katika mwezi, siku nyingine kinakula kutu ya chumvi? Ndiyo maana tangu zamani wachapaji wamekutana mahali pamoja. Si kwamba wana roho nzuri kuliko wachoraji wengine. Chuma ndicho kimewalazimisha.

Kazi yenyewe nayo inalazimisha. Mchoraji wa rangi anaweza kujifungia juu darini na redio yake, asionane na mtu mpaka picha imalizike. Mchapaji akijaribu hivyo ataharibu karatasi. Mikono inayopaka wino ni michafu, na karatasi haitaki hata alama ya kidole. Kwa hiyo mnakuwa wawili: mmoja wa wino, mwingine wa karatasi. Yule wa karatasi ndiye anayeinyanyua kwa pembe mbili na kuiona picha kwanza, kabla ya mwenyewe. Mkiwa na toleo la nakala ishirini, mtasimama hivyo asubuhi nzima, na huwezi kusimama na mtu asubuhi nzima usijue anafikiri nini kuhusu kazi yako. Kesho mnabadilishana zamu. Nimeona watu wasiosalimiana nje wakapatana juu ya wino tu, kwa sababu wino ukikauka kwenye kioo ni hasara ya wote.

Halafu kuna kamba ya kuanikia. Wino wa mafuta haukauki upesi, hasa kwa unyevu wa pwani yetu. Chapa hukaa kambani siku kadhaa, kazi ya aliyebobea kando ya kazi ya aliyeanza juzi. Huwezi kuficha. Anayeingia kuchukua koti lake anasimama, anaangalia, anauliza hapa ulitumia nini. Mafunzo mengi ya karakana hizi hayana ratiba. Hupatikana chini ya ile kamba.

Sasa niwapeleke mbali, mahali pa baridi kali. Kaskazini ya Kanada kuna mji mdogo uitwao Kinngait, ambao kwa miaka mingi uliitwa Cape Dorset. Uko kisiwani. Wenyeji wake ni Wainuit, watu wa kuwinda, na wachongaji hodari wa mawe na pembe. Katika miaka ya 1950 alikuwapo huko msanii aitwaye James Houston, aliyekuwa pia mtumishi wa serikali. Kama Houston mwenyewe alivyosimulia, siku moja mchongaji mashuhuri, Osuitok Ipeelee, alikuwa akitazama pakiti za sigara zenye picha ya baharia yule yule. Akasema kwamba lazima inachosha sana kukaa na kuchora kichwa kile kile kwenye kila pakiti. Houston alishindwa kumweleza kwa maneno. Akachukua pembe ambayo Osuitok alikuwa ameichonga, akaipaka wino, akalaza karatasi laini juu yake, akaibandua. Osuitok akatazama, akasema: hilo hata sisi tunaweza.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Wale watu hawakuanza kwa kujifunza sanaa ngeni. Nakshi ilikuwa tayari kwenye pembe. Kilichoongezwa ni wino na karatasi. Houston akaenda Japani mwaka 1958 kujifunza kwa Un'ichi Hiratsuka, bingwa wa chapa za mbao, akarudi na maarifa. Mbao huko ni adimu, kwa hiyo wakachonga juu ya jiwe. Mwaka 1959 walitoa mkusanyo wao wa kwanza wa kuuzwa nje, na ushirika wao ukaandikishwa. Tangu hapo karibu kila mwaka umetoka mkusanyo mpya kutoka kisiwa hicho ambacho wakazi wake wote hawafiki idadi ya watu wa mtaa wetu mmoja wa Langoni.

Kuna mwanamke wa huko aliyeitwa Kenojuak Ashevak, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2013. Chapa yake ya kwanza ilitokana na pambo alilolitengeneza kwenye mkoba wa ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya baridi. Mkoba wa kubebea vitu! Mtu alikuwa na macho ya kuona kwamba mshono wa mwanamke ni mchoro. Mwaka 1960 akatoa picha ya bundi mwenye manyoya kama miale, na mwaka 1970 Kanada ikamweka bundi huyo kwenye stempu. Nawaomba akina mama waliomo humu wanaoshona kofia za viua, na mabinti wa hina na piko, wasikie vizuri hapo.

Kinachonivutia zaidi Kinngait ni jinsi walivyogawana kazi. Mmoja anachora. Mwingine anachonga jiwe. Mwingine anachapa. Na kwenye chapa zao za mwanzo, pamoja na alama ya ushirika, aliyechonga hakusahauliwa wala aliyechapa hakusahauliwa. Alama zao ziliwekwa pembeni. Hapa kwetu mlango unaweza kukaa miaka mia na hamsini, watalii wakaupiga picha kila siku, na jina tunalolijua ni la mwenye nyumba.

New York nako kulikuwa na Robert Blackburn, aliyezaliwa mwaka 1920, mtoto wa wazazi wa Kijamaika, akakulia Harlem. Alijifunza kuchapa kwa jiwe, lile la kuchorwa kwa mafuta bila kuchongwa, akiwa kijana, katika kituo cha sanaa cha mtaani, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akafungua karakana yake. Wakati huo msanii mweusi kupata mtambo halikuwa jambo la kuomba tu ukapewa. Blackburn aliacha mlango wazi kwa weusi na weupe, wenye majina na wasio na majina, wenye ada na wasio nayo. Baadaye aliajiriwa kwingine kuwachapia wasanii ambao leo wamo kwenye makumbusho makubwa, lakini ile karakana hakuiacha. Karakana ilipata taabu ya fedha mara nyingi, na sishangai, kwa sababu mtu asiyeweza kumkatalia mtu hawezi kuwa mhasibu mzuri. Alifariki mwaka 2003, na miaka michache baadaye karakana ikafunguliwa upya ikiwa na jina lake.

Blackburn ananihusu kwa sababu ya mji mwingine wa pwani. Mwaka 1978, huko Moroko, mji wa kale wa Asilah ulianzisha tamasha la sanaa. Ni mji wa kuta nyeupe juu ya Atlantiki, vichochoro vyembamba, uvuvi na misikiti. Mwamu akishuka pale hatapotea. Waanzilishi walikuwa Mohamed Melehi, mchoraji, na Mohamed Benaissa, wote wazaliwa wa hapo hapo. Wachoraji wakapaka kuta za mji, na ndani ya jumba la kale ikawekwa karakana ya uchapaji. Blackburn alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuianzisha, na Msudani aliyezaliwa Khartoum, Mohammad Omer Khalil, akafundisha pale kwa miaka. Mwafrika akiwafundisha Waafrika na Waarabu na Wazungu katika mji wa baharini, kwa mtambo mmoja. Mtu asituambie kwamba kitu hiki hakiendani na miji kama wetu.

Afrika Kusini nitapita upesi. Karakana ya Rorke's Drift, iliyoanzishwa na kanisa la Kilutheri mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliwapa vijana weusi nafasi ambayo shule za sanaa za ubaguzi ziliwanyima, na chombo chao kikubwa kilikuwa lino, kwa kuwa ni rahisi. Humo alisoma John Muafangejo wa Namibia, ambaye aliandika maneno ndani ya picha zake kama sisi tunavyoandika jina, yaani ule msemo, kwenye kanga. Johannesburg kuna Artist Proof Studio, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Kim Berman na Nhlanhla Xaba. Mwaka 2003 iliungua, na Xaba akafa motoni. Wenzake wakaijenga tena. Mtambo unaweza kununuliwa upya. Waliobaki walikuwa watu waliokwisha kuzoea kufanya kazi pamoja, na hao ndio waliojenga.

Turudi Amu.

Sisi si wageni wa karakana. Nakshi za milango yetu hazikufundishwa darasani. Mtoto alianza kwa kufagia mabaki, akapewa kunoa, akapewa ukingo usioonekana, akakosea, akakemewa, akapewa tena. Matondoni majahazi yalijengwa hivyo hivyo. Siyu, mafundi wa ngozi, wa viti na wa vitabu walikaa jirani, na misahafu yao iliyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano bado inasomwa na wataalamu kwa mshangao. Na chapa pia si ngeni. Kila nyumba hapa ina kanga, yenye pindo, mji na jina. Kwa zaidi ya karne moja tumenunua chapa zilizotengenezwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani kwa kufuata ladha yetu. Ladha tulikuwa nayo. Mtambo ulikuwa kwao.

Mara kwa mara wachoraji kutoka nje huja kijiji jirani cha Shela na hapa mjini, wakapaka rangi majahazi na vichochoro, wakafanya maonyesho, wakaondoka. Karibuni sana, sina ugomvi nao, baadhi ni rafiki zangu. Lakini kijana wa mtaa wa Mkomani aliyebeba turubai lao hubaki na nini mwezi unaofuata? Wiki mbili za wageni haziwezi kumlea msanii. Anayemlea ni yule atakayemkuta tena Jumanne ijayo.

Kuhusu vifaa, nina maoni makali kidogo. Asidi nisingeianza nayo kabisa. Najua uzuri wa bati la shaba lililoliwa na asidi, nalipenda kuliko aina nyingine zote. Ila nyumba za mji wa kale zimebanana, hewa ni ya kugawana, na maji machafu ya asidi yatamwagwa wapi? Maji yetu ya kunywa yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, tusicheze nayo. Tuanze na mbao na lino. Lino hulainika kwa joto, na joto Mungu ametupa bila malipo. Anayetaka mistari myembamba achukue pakiti ya maziwa ya karatasi ngumu, aifungue, akwaruze upande wa ndani unaong'aa kwa msumari, apake wino, aupanguse, achape. Wachapaji wa nchi tajiri wanafanya hivyo kwa raha zao. Na hata mtambo si lazima siku ya kwanza: mgongo wa kijiko cha mbao, ukisuguliwa kwa subira juu ya karatasi nyembamba, hutoa chapa safi. Watu wengine huunda mtambo wa kukandamiza kwa jeki ya gari. Hapa itabidi tuagize jeki, kwa kuwa gari hatuna.

Sasa nifike kwenye ufunguo, maana ndio ulionileta.

Karakana nyingi hazifi kwa kukosa mtambo. Hufa kwa sababu mtambo umo ndani, mlango umefungwa, na aliye na ufunguo yuko safarini. Mfadhili analeta vifaa, anapiga picha na waheshimiwa, vifaa vinaandikwa kwa jina la ofisi, ofisi inafungwa saa kumi. Msanii anayevua samaki au kubeba watalii mchana hupata nafasi baada ya magharibi. Kwake yeye karakana hiyo haipo.

Nairobi ina funzo la karibu. Kuona Trust ilianza mwaka 1995 ndani ya Makumbusho ya Taifa, ikiwapa wasanii mahali pa kufanyia kazi pamoja, na wachapaji walikuwa miongoni mwao. Peterson Kamwathi, aliyejulikana kwa mafahali wake wa chapa za mbao, ni wa kizazi kilichokua katika mazingira hayo. Baadaye taasisi ilipoyumba, wasanii waliokuwa na studio pale walijikusanya, wakaendelea wenyewe kwa pamoja. Waliweza kwa sababu walikuwa wamekwisha kuwa jamii. Lakini ingekuwa nafuu kama daftari na ufunguo vingekuwa mikononi mwao tangu mwanzo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa wamewahi kuona pendekezo la mradi.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni ushirika, kama ule wa Kinngait, ulioandikishwa, wenye wanachama wanaolipa kidogo. Funguo ziwe tatu, kwa watu watatu wa mitaa tofauti, mmoja wao awe mwanamke, na kuwe na siku za wanawake peke yao ili binti asikatazwe kuja. Kila atakayechapa toleo aache nakala moja kwa karakana, imeandikwa jina na tarehe. Ikiuzwa, pesa zinunue wino na karatasi. Isipouzwa, ni kumbukumbu.

Nakala hiyo ina faida nyingine. Fundi mmoja aliniuliza kwa haki kabisa: nikileta nakshi yangu pale, si itaibwa? Mafundi wamekuwa wakilinda michoro yao, na wana sababu. Jibu langu ni kwamba nakshi iliyofichwa haina shahidi. Iliyochapwa, ikawekwa kwenye kabati la karakana na tarehe yake, ina mashahidi wengi. Sisemi hilo litamzuia mwizi. Litamfanya aonekane. Yule fundi hakuridhika kabisa, na sikumlaumu. Amesema atakuja na nakshi ya babu yake kwanza, zake atazileta baadaye.

Jambo la uaminifu lisiachwe. Ukiandika 3 juu ya 20 kwenye chapa, yaani nakala ya tatu kati ya ishirini, dunia inakuamini kwamba zipo ishirini tu. Ikipendwa na watalii, mtu atashawishika kuchapa nyingine usiku. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndiyo maana toleo likitimia, ubao ukatwe mstari wa patasi katikati, mbele ya wenzako. Inauma, lakini mnunuzi atakayerudi mwaka ujao anarudi kwa ajili ya mstari ule.

Nimesema ya kutosha. Tunaanza Jumamosi baada ya alasiri, kwa vijiko, bila mtambo. Lino kidogo ipo, tutagawana. Mwenye patasi aje nazo zikiwa zimenolewa. Mbao kila mtu ajitafutie mabaki laini, yaliyopigwa randa. Mbambakofi uacheni kwa milango. Utawavunja mikono na kuwakatisha tamaa siku ya kwanza. Nguo za kuvaa ziwe zile ambazo mama mwenye nyumba amekwisha kuzikatia tamaa, kwa sababu wino huu hautoki.

Naona Mwalimu pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja asidi. Tafadhali, Mwalimu.